Futi Kamba Kwanza, Injini Baadaye: Kisa cha Bobcat ya Mtumba Shambani Chanika

Mama mdogo alinipigia simu Jumapili jioni, masika yakiwa yanaishia. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia kwenye shida yake. Ameiona Bobcat, mtambo mdogo wa kuzolea, kwenye yadi, Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Imepakwa rangi inang'aa, mita ya saa za kazi inasoma 1,870, na dalali kamwambia kuna mteja wa Morogoro anakuja na pesa kesho yake. "Mwanangu, wewe njoo tu uisikilize injini. Ukisema iko sawa, nalipa."

Nikamwambia nitakuja, ila siendi yadi. Nakwenda Chanika, shambani kwake, na ninachobeba ni futi kamba.

Alinuna kidogo, nilisikia kwenye sauti. Mashine iko mjini, fundi anakwenda shamba kufanya nini? Lakini mimi nimeshika spana za mitambo ya haidroli, ile inayotumia nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, miaka mingi, na mashine nyingi nilizoletewa zikiwa zimewashinda wenyewe hazikuwa na ubovu wa kutisha. Zilikuwa zimenunuliwa kwa kazi isiyo yao. Injini nzuri kwenye mashine isiyopita mlangoni ni hasara ileile ya injini mbovu.

Kwa asiyeijua, Bobcat ni ule mtambo mdogo wa magurudumu manne, dereva amekaa katikati ya kizimba cha chuma, mikono miwili imepita ubavuni na ndoo iko mbele. Jina ni la kampuni moja, lakini kwetu kila mtambo wa aina hiyo ni Bobcat, awe ameutengeneza nani. Hauna usukani wa kukata matairi. Ukitaka kugeuka kushoto, magurudumu ya kulia yanakimbia zaidi ya ya kushoto, na mtambo mzima unaburuzika na kugeuka papo hapo uliposimama. Wengi wanadhani ulibuniwa kwa ajili ya ujenzi. Ulianzia bandani. Mwaka 1957, huko Minnesota, Marekani, ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga kitu chepesi cha kusafishia banda, kinachoweza kugeuka katikati ya nguzo. Kampuni ya Melroe ikachukua wazo hilo, mtambo wa magurudumu manne ukatoka mwaka 1960, na jina la Bobcat likaja mwaka 1962. Kwa hiyo mama mdogo, aliposema anataka mashine ya kuzoa samadi ya kuku, alikuwa anaomba kilekile kilichoombwa na yule mfugaji wa kwanza. Na nguzo za banda lake zilikuwa na haki ya kupimwa kwanza.

Shamba lenyewe lina mabanda manne ya kuku wa mayai, zizi la ng'ombe 26 wa maziwa, na shimo la samadi anayowauzia wakulima wa mchicha na matembele. Miaka yote kazi ilifanywa na vibarua sita, koleo na toroli. Kiangazi inakwenda. Masika samadi ya zizi inageuka uji, toroli linazama, inzi wanajaa, na majirani ambao zamani hawakuwepo sasa wamejenga mpaka ukutani. Mwaka huo mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshafika mara mbili. Haja ya mashine ilikuwa ya kweli.

Nikapima milango. Mabanda mawili ya zamani: urefu kwenda juu mita 1.80, upana mita 1.50. Mashine za daraja alilokuwa anaitaka zina kizimba kinachofika karibu mita 1.95, na ndoo yake inakaribia upana wa mita 1.70. Haziingii. Mabanda mawili mapya yana milango ya mita 2.20 kwa 2.40, lakini katikati kuna mstari wa nguzo za mirunda, nafasi kati ya nguzo na ukuta mita 2.70. Ukiweka ndoo mbele, mtambo unafika urefu wa mita 3 na ushee. Maana yake unaingia, unazoa, unatoka kinyumenyume. Kugeukia mle ndani hakuna, labda uamue kung'oa nguzo.

Nikagonga sakafu. Mabanda ya zamani yana saruji nyembamba juu ya kifusi, unene wa vidole vitatu, na pembeni imeshaanza kupasuka kwa miguu ya watu tu. Mtambo wa tani mbili na nusu ungeigeuza kokoto siku ya kwanza. Mabanda mapya yana zege la maana. Zizi lina mawe na zege, na njia ya kati ya zizi na shimo ni mchanga mwekundu unaoshikana vizuri ukiloa kidogo, unaoteleza ukiloa sana.

Tulikaa chini ya mwembe na daftari. Ng'ombe wa maziwa mwenye mwili wa wastani anatoa samadi kilo 20 na zaidi kwa siku. Ng'ombe 26, weka kilo 600 kwa siku, bila kuhesabu mikojo na mabaki ya majani. Samadi mbichi ya ng'ombe ina uzito unaokaribia wa maji, yaani meta moja ya ujazo inakaribia tani. Ndoo ya lita 400 ikijaa ina kama kilo 400. Randa zenye kinyesi cha kuku ni nyepesi, nusu ya hapo. Mchanga uliolowa ndio mzito: ndoo hiyohiyo inapita kilo 700. Halafu chakula. Mifuko yake ni ya kilo 50, na alitaka mashine iishushe kutoka kwenye Fuso ikiwa imepangwa kwenye paleti, lile jukwaa la mbao la kubebea mizigo.

Nilimweleza namba moja ambayo kila mnunuzi anapaswa kuielewa kabla ya rangi na mita. Kwenye kibati cha mtambo, au kwenye kitabu chake, kuna uzito wa kazi. Kwa Bobcat ya matairi, uzito huo ni nusu ya ule unaoupindua mtambo ukainua makalio. Ukikuta kibati kinasema kilo 680, basi kwenye kilo 1,360 hivi matairi ya nyuma yanaacha ardhi. Nusu hiyo imewekwa kwa sababu shamba lina mashimo, dereva anafunga breki ghafla, na mzigo ukiwa juu unavuta. Tena ukivaa uma za paleti badala ya ndoo, mzigo unakaa mbele zaidi na uwezo unapungua. Kwa hiyo ile ndoto ya kushusha paleti lenye mifuko 20, yaani tani nzima, ilikufa pale pale chini ya mwembe. Mifuko 10 kwa safari, basi.

Daftari likatupa jibu: mtambo wenye uzito wa kazi kati ya kilo 650 na 850, usiozidi tani 3, wa matairi, wenye haidroli ya ziada ya kawaida ili baadaye aweze kufunga keke ya kuchimba mashimo ya nguzo. Ukubwa zaidi ya hapo ungekula dizeli na sakafu bure. Mabanda ya zamani yaendelee na koleo mpaka atakapoyavunja.

Ndipo tukaenda Mandela.

Yadi

Ile mashine ilikuwa nzuri kweli machoni. Rangi mpya mpaka kwenye nati. Hapo tu ndipo moyo wangu uliposhtuka, maana mtu hapaki rangi juu ya grisi na kutu ya pini ila anapotaka usizione. Nilifungua mlango wa nyuma nikaweka kiganja kwenye injini. Moto. Dalali alikuwa ameshaiwasha kabla hatujafika, na injini iliyopashwa haikuonyeshi shida yake ya asubuhi.

Mita ilisema saa 1,870. Lakini kanyagio za miguu zilikuwa zimelika mpaka chuma kinang'aa kama kijiko cha mezani, na vishikio vya leva vilikuwa vipya kuliko kila kitu kizimbani. Saa 1,870 ni kama mwaka mmoja wa mkandarasi anayefanya kazi kila siku. Mwaka mmoja haumalizi chuma cha kanyagio. Mita inabadilishwa kwa bisibisi na nusu saa. Chuma kilicholika hakirudi. Mimi siku zote naamini miguu ya dereva aliyepita kuliko mita.

Hata hivyo sikutaka kumwonea. Nilimwomba dalali atuazime mifuko 12 ya saruji kutoka duka la jirani, mama mdogo akaweka dhamana. Mifuko 12 ni kilo 600, uzito unaojulikana, hauna ubishi. Tukaipanga kwenye ndoo. Mtambo ukainua bila taabu, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Dalali akatabasamu. Nikamwambia bado.

Nikakaa mwenyewe nikaufanyisha kazi kwenye lundo la kifusi nyuma ya yadi, dakika hamsini, bila kupumzika, jua la saa sita. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mafuta ya haidroli yakiwa baridi ni mazito, na uzito huo unaziba mianya. Pampu iliyochoka inafanana na mpya. Yakichemka yanakuwa mepesi kama maji, na kila mwanya uliolika ndani ya pampu na mota unaanza kuvujisha kwa ndani, huoni tone lolote chini. Muuzaji mjanja anajua hilo, ndiyo maana anakupa dakika kumi za kujaribu na soda baridi.

Baada ya dakika hamsini niliisukuma ndoo kwenye lundo kwa nguvu zote. Bobcat ina pampu mbili za kutembelea, moja kwa kila upande. Pampu inasukuma mota, mota inazungusha spoketi, na cheni zilizomo ndani ya boksi la mafuta zinavuta gurudumu la mbele na la nyuma la upande huo. Ukisukuma kitu kisichosogea juu ya mchanga, matairi ya pande zote yanatakiwa yachimbe. Ya kulia yalichimba. Ya kushoto yalisimama tuli, na injini haikuonyesha kuelemewa hata kidogo. Nguvu ilikuwa inapotelea ndani, upande wa kushoto. Nikaiendesha kwenye lami kwa leva zilizonyooka: ikawa inavuta kushoto, polepole, kama mbuzi anayeijua njia ya kwao.

Tukarudisha mifuko 12. Sasa ilinyanyuka kwa kusuasua. Nikaiweka juu, nikazima injini, nikachora chaki, tukasubiri dakika kumi pembeni. Hakuna aliyeruhusiwa kukaribia chini ya ndoo. Ikawa imeshuka shubiri nzima.

"Mafuta tu hayo, fundi," dalali akasema. "Mwaga, weka mapya, itakuwa kama ilivyotoka meli."

Kuna chembe ya ukweli hapo, mafuta yaliyochoka yanazidisha ugonjwa. Lakini chuma kilicholika hakiponywi na mafuta, na mafuta mazito yanauficha ugonjwa kwa wiki mbili tatu, muda wa kutosha namba ya simu ya muuzaji kutopatikana. Pampu ya kutembelea na mota yake, hata vikiwa vya mtumba, vingekula sehemu kubwa ya bei ya mtambo mwingine. Aliitaka milioni 42. Mama mdogo aliiangalia ile rangi mara ya mwisho, akashika mkoba wake, tukaondoka.

Ya pili nitaisema kwa ufupi, kwa sababu ilikuwa mashine nzuri isiyo na mahali kwetu. Mpya kiasi, haidroli imara, kila kipimo ilipita. Tatizo lilikuwa kwenye bomba la moshi: ilikuwa na kichujio cha masizi, kile kinachotakiwa kujichoma chenyewe kwa joto la kazi ndefu. Kitabu chake kilitaka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 katika milioni, wakati kiwango cha dizeli cha Afrika Mashariki kiliruhusu 50. Na kazi ya Chanika ni dakika ishirini asubuhi, dakika arobaini jioni, kichujio kisingepata kamwe joto la kujisafisha. Kijana wa pale alijitolea kukitoa na "kuidanganya kompyuta". Sikukubali. Mtambo huo ungekwenda kutoa moshi wake ndani ya banda ambamo mdogo wangu angekuwa amekaa akiuendesha.

Mashine mbaya ya mzee wa Tabata

Ya tatu tuliipata kwa kuulizia kwa mafundi wenzangu wa Gerezani, Kariakoo. Mzee mmoja mkandarasi wa Tabata, aliyekuwa akitandaza vitofali vya barabara za mitaa, anapunguza kazi. Mashine yake ilikuwa mbaya ya kutazama. Rangi imepauka, mlango wa nyuma umebonyea, taa moja haipo, mita imekufa kwenye 4,312 na mzee akasema imekufa zamani, asitudanganye saa ngapi zimepita. Akatoa daftari la shule lenye jalada la twiga. Ndani, kwa mwandiko wake, tarehe za kubadilisha mafuta na filta, na bei ya kila kitu. Daftari lile lilinipa habari nyingi kuliko mita mbili nzima.

Nilimwomba asiiwashe. Nikaenda saa moja asubuhi, kiganja kwenye injini: baridi. Injini ni Kubota ya silinda nne, dizeli ya lita 2.2, ya zamani isiyo na kompyuta, ambayo ndugu zake wamo kwenye jenereta na kwenye mitambo ya ubaridi ya matrela, kwa hiyo spea zinatafutika. Nikapasha hita plagi, nikapiga stata. Moshi mweupe kwa muda mfupi, kisha ukasafika. Nikafungua kifuniko cha mafuta ya injini ikiwa inanguruma: ilikuwa inapumua kidogo, kama mtu mzima aliyepanda ngazi, siyo kama treni. Umri, siyo ugonjwa.

Mzee aliniruhusu nifungue filta ya haidroli, kwa makubaliano kwamba mpya nanunua mimi. Nikaikata kwa msumeno wa chuma, nikaitandaza karatasi yake juani. Ndani ya pampu za aina hii kuna vipande vya shaba nyeusi vinavyosugua chuma. Pampu inapokufa, karatasi inameremeta kama imenyunyiziwa vumbi la dhahabu. Hii ilikuwa na uchafu mweusi na punje chache, za kuhesabika. Harufu ya mafuta haikuwa ya kuungua, wala hayakuwa meupe ya kuingia maji.

Nikafungua viziba vya maboksi ya cheni. Kulia mafuta safi. Kushoto mafuta pungufu, na sili ya ekseli ya nyuma inalia, tope limegandana nyuma ya rimu. Tukaipandisha kwenye magogo, nikashika gurudumu nikalitikisa mbele na nyuma: cheni ya kushoto ilikuwa imelegea kuliko ya kulia, lakini beringi zilikuwa kimya.

Halafu dakika hamsini kwenye mchanga, kama ile ya kwanza, siku ya joto vilevile. Ikachimba pande zote mbili. Mifuko 12 ikapanda ikiwa moto karibu sawa na ilipokuwa baridi. Dakika kumi ikiwa imezimwa, ndoo ilishuka vidole viwili.

Ubovu ulikuwepo, na niliuandika wote mbele ya mzee bila kuuongezea chumvi. Pini na bushi za ndoo zimelika, ndoo inacheza ukiigandamiza chini. Hozi zimechanika ngozi kwa jua. Upande wa kushoto, tairi la mbele na la nyuma ni ya saizi tofauti, na hilo watu wanalidharau: gurudumu la mbele na la nyuma yamefungwa pamoja na cheni, lazima yazunguke sawasawa, yakitofautiana kimo cheni ndiyo inayolipa. Huenda ndicho kilicholegeza ile ya kushoto. Tairi nne mpya za saizi 10-16.5 ilibidi ziingie kwenye hesabu.

Na kulikuwa na jambo moja lililonikasirisha. Bomba la usalama linaloshuka mapajani mwa dereva lilikuwa limefungwa kwa kamba juu, na swichi yake imeungwa waya moja kwa moja. Kwenye mtambo huu dereva anaingilia mbele, anapita juu ya ndoo na katikati ya mikono. Bomba lile, likiinuliwa, linatakiwa kuifungia haidroli, ili mtu akiwa nusu ndani nusu nje, goti likagusa leva au mguu ukakanyaga kanyagio, mikono isishuke. Ukiunga waya, umeondoa kitu pekee kilichosimama kati ya chuma na kifua cha mtu. Mafundi wenzangu wanaunga kwa sababu swichi imeharibika na dereva analalamika mtambo unakatakata kazi. Nawaomba, kwa moyo wote, tuache. Atakayeendesha mashine hii ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 22, na mimi ndiye niliyempeleka shule siku yake ya kwanza. Nilimwambia mama mdogo haiondoki Tabata kabla sijarudisha swichi, bomba na mkanda wa kiti, na kabla kile chuma cha kuzuia mkono usishuke wakati wa matengenezo hakijapatikana. Mzee alikitafuta stoo kwake, akakipata nyuma ya magunia.

Alitaka milioni 29. Tulikaa na orodha yangu, tukanywa chai, na mzee na mama mdogo wakakubaliana milioni 25 na nusu. Matairi, hozi, pini na bushi, sili, mafuta yote, filta na lobedi, lile lori la kubebea mitambo, mpaka Chanika vilikula milioni 7 na kidogo. Jumla ikakaa chini ya milioni 33, ukilinganisha na 42 za ile iliyong'aa, kabla ya pampu.

Miezi iliyofuata

Kosa langu lilijitokeza wiki ya pili. Mteja wa samadi alileta Fuso yenye bodi ndefu. Mikono ya mashine hii inapanda kwa mzunguko wa duara: inafika mbali ikiwa katikati ya safari, na ikifika juu kabisa inarudi kuelekea kwa dereva. Kwa kuzoa, kuchimba na kusawazisha ni nzuri na haina viungo vingi vya kulika. Kwa kupakia gari refu inakosa mkono: samadi yote iliangukia upande wa karibu wa bodi, na vibarua wawili wakapanda kuisambaza kwa koleo. Ipo aina nyingine ambayo mikono yake inapanda karibu wima na kubaki mbele, nayo ndiyo ya kupakia malori. Nilipima milango ya kuku na sikupima bodi ya Fuso. Nilipaswa kumpa mama mdogo nafasi ya kuchagua kati ya mbili hizo akijua, sikumpa. Tuliponya kwa kujenga tuta la mawe na kifusi, nusu mita kwenda juu, mtambo unapanda hapo gari linasimama chini. Linafanya kazi, ila masika lazima liongezwe kifusi.

Oktoba, mdogo wangu alinipigia akiwa na sauti ya msiba. "Kaka, pampu imekufa." Asubuhi inafanya kazi, saa tano inachoka, ndoo haipandi. Nilimwambia azime, afungue nyuma, anipigie picha ya rejeta. Haikuonekana rejeta, yalionekana manyoya. Walikuwa wametoka kusafisha banda la kuku, feni ikavuta manyoya na vumbi la randa, na kipoozeo cha haidroli kimekaa palepale na rejeta. Mafuta yalikuwa yanachemka kupita kiasi na kuwa mepesi. Akaosha kwa maji, kutoka upande wa feni kwenda nje, siyo kuyasukumia ndani, akasubiri ikauke. Jioni ikafanya kazi kama kawaida. Sasa kazi ya banda inakatwa katikati kwa ajili ya kusafisha, na mapazia yote yanafunguliwa moshi utoke.

Hewa ya samadi ya kuku nayo inakula shaba. Miezi kadhaa baadaye nyaya za alteneta zilikuwa kijani, moja imekatika kabisa. Tumezibadilisha, tumepaka grisi viungio vyote vya umeme, na mtambo unaoshwa kila ukitoka bandani, haulazwi na kinyesi. Cheni ya kushoto tuliikaza baada ya matairi mapya, haijalegea tena kwa kiasi cha kunitia wasiwasi.

Vibarua hawakufukuzwa, na hilo lilikuwa sharti la mama mdogo, siyo langu. Wawili wanashughulika na mabanda ya zamani, wengine wanafungasha samadi kwenye viroba, biashara ambayo zamani haikuwa na mikono ya kuifanya.

Mita mpya ilifungwa siku mashine ilipofika, ikaanza na sifuri, na mama mdogo akanunua daftari lenye jalada la twiga. Anaandika mwenyewe, kila jioni, saa na lita. Wiki mbili zilizopita mita ilifika 500, nikaenda Chanika na msumeno wangu, nikaikata filta tukaitandaza juani kwenye kibaraza. Alivaa miwani, akainama, akazihesabu zile punje mwenyewe kwa ncha ya sindano. Zilikuwa nne. Akaziandika.